Programu za kila siku na mbinu za kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa Uganda

Majibu haya ni ya mtu anayetumia kompyuta ofisini, dukani, chuoni au kwenye intaneti kafe hapa Uganda: mashine iliyonunuliwa ikiwa imetumika, umeme unaokatika bila hodi, na bando linalohesabiwa kwa megabaiti. Majina ya menyu tumeyaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Nimenunua laptopu iliyokwisha kutumika. Niweke programu zipi kwanza?

LibreOffice kwa maandishi na hesabu, VLC kwa video na muziki, 7-Zip kwa kufungua mafaili yaliyobanwa, na kivinjari kimoja tu, Firefox au Chrome. Kama una mafaili mengi, ongeza Everything, programu ndogo inayokuonyesha faili papo hapo unapoandika herufi za jina lake. Zote ni za bure. LibreOffice ndiyo nzito, kama MB 350. VLC haifiki MB 50 na 7-Zip haifiki MB 2.

Zipakue kwenye tovuti za wenyewe: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org na voidtools.com. Andika anwani mwenyewe badala ya kutafuta Google, kwa sababu matokeo ya juu kabisa huweza kuwa tangazo la kulipiwa, na kitufe kikubwa cha kijani kwenye tovuti ya watu baki hukupa VLC pamoja na programu nyingine usizoomba.

Antivirusi ya kununua huihitaji. Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha, mradi inapata masasisho yake. Antivirusi mbili za kampuni tofauti kwenye mashine ya RAM GB 4 hugombania kila faili linalofunguliwa, na kompyuta hutambaa.

LibreOffice inafungua kazi za Word? Bosi wangu anatumia Word.

Inafungua na kuhifadhi. Ila kwa kawaida huhifadhi kwa umbo lake la .odt, na bosi akilipokea kwenye simu huenda lisifunguke. Nenda Tools, Options, Load/Save, General. Pale penye Always save as chagua Word document ya .docx. Ukifanya mara moja imetosha. Fonti ya Calibri usipokuwa nayo, LibreOffice huweka Carlito yenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo kurasa nyingi hazisogei. Majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali ndiyo yanayovurugika. Hayo yapeleke kwa PDF.

Fomu ya ritani niliyopakua URA inagoma kwenye Excel. Inasema makro zimezuiwa.

Tangu 2022 Microsoft huzuia makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili, kwa mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na fomu za Excel za kodi hutegemea makro ili kitufe cha kuhakiki kifanye kazi. Funga faili. Ukiwa kwenye folda, bofya kulia juu ya jina lake, chagua Properties, na chini kabisa tia tiki kwenye Unblock, kisha OK. Lifungue upya na ubonyeze Enable Content kwenye ule mstari wa manjano.

Fanya hivyo kwa faili ulilolipakua kwa mkono wako kwenye tovuti ya URA. Fomu "iliyorahisishwa" uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp usiifungulie makro hata kama aliyeituma ni mtu unayemwamini, maana naye alitumiwa. Wala usijaribu kuijaza kwa LibreOffice. Makro zake ziliandikwa kwa ajili ya Excel.

Nikiandika namba za simu kwenye Excel sifuri ya mbele inapotea, na tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zinaharibika. Kwa nini?

Kwa sababu Excel inadhani unaandika kiasi. Kwenye kiasi, sifuri ya mbele haina maana, hivyo 0772 inakuwa 772. Namba inayoanza na 256 ina tarakimu 12, na Excel huifupisha ionekane 2.56772E+11. Hiyo ni sura tu; namba nzima bado imo ndani.

Tokeni ni balaa zaidi. Ina tarakimu 20, na Excel hushika tarakimu 15 za mwanzo peke yake. Zilizobaki inazigeuza sifuri bila kukuambia. Chukua mfano huu:

uliandika 53182047991603857742
ilihifadhiwa 53182047991603800000

Tano za mwisho hazipo tena popote, na kubadili seli kuwa maandishi baadaye hakuzirudishi. Mwenye nyumba anayewawekea wapangaji kumbukumbu za tokeni hugundua siku anapotaka kuirudia moja kwenye mita.

Dawa ni kutangulia. Chagua safu nzima kwa kubofya herufi yake juu, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, kisha ndipo uandike. Kwa seli moja moja, anza na alama ya ' kisha namba. Alama hiyo haitaonekana. Fanya vivyo hivyo kwa namba za akaunti na namba za miamala ya mobile money.

Mtego mwingine ni taarifa ya malipo inayokuja kama faili la CSV. Ukilibofya mara mbili, Excel inalifungua na kuharibu namba kabla hujaona kitu. Fungua Excel tupu, nenda Data, From Text/CSV, halafu Transform Data, na uiwekee safu ya namba aina ya Text. Kwa kazi hii LibreOffice Calc inashinda Excel waziwazi: yenyewe hukufungulia dirisha la kuuliza, unabofya safu, unachagua Text, umemaliza.

Ukiona ##### hakuna kilichoharibika, safu ni nyembamba tu. Bofya mara mbili mpaka ulio kati ya herufi mbili za safu. Kwa shilingi zetu zenye sifuri nyingi, Ctrl+Shift+1 huweka mikato ya maelfu. Huongeza na desimali mbili ambazo hatuna kazi nazo. Ziondoe kwa Ctrl+1.

Na kama tarehe 3 Aprili inageuka 4 Machi, mashine yako imepangwa Kimarekani. Settings, Time & language, Region, na kwenye Regional format chagua mpangilio wa Uganda au wa Uingereza.

Umeme ukikatika napoteza kazi. Nifanyeje?

Jifunze kubonyeza Ctrl+S kila unapomaliza aya. Hakuna mpangilio unaochukua nafasi ya hilo. Baada ya hapo, punguza muda wa hifadhi ya dharura. Word huja ikiwa na dakika 10, na kwa mchapaji mwepesi dakika 10 ni ukurasa mzima. Nenda File, Options, Save, na pale penye Save AutoRecover information weka dakika 2. Kwenye LibreOffice ni Tools, Options, Load/Save, General. Tia tiki pia kwenye Always create backup copy, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili lenyewe linaweza kuharibika na nakala ya awali ndiyo itakayokuokoa.

Kama Word ilizimika kabla hujalipa faili jina, usikate tamaa: File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents. Likionekana, lihifadhi hapohapo kwa jina jipya.

Kwa kompyuta ya mezani, UPS ndogo (kisanduku chenye betri) inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Si ya kuendelea kufanyia kazi. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi ghafla na kuizidi nguvu, na hapo kompyuta nayo inazimika. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuichomeka tena, kwa sababu unaporudi huweza kuja na msukumo unaounguza paua saplai.

Bando la wiki linaisha siku mbili nikiunga laptopu kwa hotspoti. Data inakwenda wapi?

Laptopu haijui kwamba hotspoti yako ni bando la simu. Inaiona kama Wi-Fi yoyote, na Wi-Fi kwayo ni ruhusa ya kupakua masasisho ya Windows, kusawazisha OneDrive na kusasisha programu za Store. Sasisho moja kubwa la Windows linaweza kumeza gigabaiti kadhaa. Na tangu Julai 2021 data unayonunua imebeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo hii ni pesa halisi.

Ukiwa umeunganika, fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya Properties za mtandao huo, washa Metered connection. Kosa la kawaida ni kudhani umemaliza milele. Mpangilio huu hushikamana na jina la mtandao: ukibadili jina la hotspoti au ukaunga kwa simu ya rafiki, Windows inaanza upya kupakua. Palepale kwenye Network & internet kuna Data usage (kwenye Windows 11 imo ndani ya Advanced network settings); inakuonyesha kila programu imekula kiasi gani ndani ya siku 30. Itazame kabla ya kulaumu mtandao wako.

Wengi waliweka VPN ya bure baada ya Facebook kufungwa nchini Januari 2021, wakaiacha ikiwaka mchana kutwa. VPN huongeza data juu ya kila unachofungua, na mwenye VPN anaweza kuona unatembelea tovuti zipi. Izime unapomaliza.

Masasisho nayo usiyakimbie. Mara moja kwa wiki au mbili, ukipata Wi-Fi ya kazini au bando la usiku, ondoa Metered na ubonyeze Check for updates.

Nimetoka kuprinti, flashi yangu sasa ina shotikati tupu. Mafaili yamefutika?

Hapana, na usiifomati. Wengi hufomati, na hapo ndipo mafaili yanapotea kweli.

Virusi hivi huzificha folda zako kwa kuzipa alama ya siri na ya mfumo, kisha huweka shotikati yenye jina lilelile. Ukiibofya, inaendesha virusi kwanza na kukufungulia folda baadaye, ndiyo maana unaweza kukaa wiki nzima bila kushtuka huku ukiwaambukiza wengine. Utaitambua kwa kishale kidogo kwenye kona ya ikoni na ukubwa wa KB 1 au 2.

Chomeka flashi na usibofye chochote ndani yake. Angalia kwenye This PC imepewa herufi gani, tuseme E. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Weka nafasi kabla ya kila kistari na kila mkwaju wa mbele, usiweke nafasi kati ya E na nukta mbili, na badilisha E kama herufi yako ni nyingine. Flashi ikiwa na mafaili mengi itachukua dakika kadhaa. Haitakupa ujumbe wa kumaliza. Ule mstari wa mwanzo ukijirudia, imemaliza.

Sasa fungua flashi kwa kuandika E: kwenye mstari wa anwani wa folda. Folda zako zitaonekana. Wakati mwingine utakuta folda moja isiyo na jina, na kila kitu kimo humo. Nakili mafaili yako, futa shotikati zote, futa na faili lolote lenye .vbs, .js au .exe ambalo si lako. Kisha bofya kulia juu ya flashi na uchague Scan with Microsoft Defender. Laptopu yako nayo iskani yote, maana kama virusi vimekwisha ingia humo, flashi itachafuka tena ukiichomeka tu.

Kwa kujikinga, washa View, Show, File name extensions kwenye dirisha la mafaili. Hapo faili linaloitwa CV.pdf.exe halitaweza kujifanya PDF.

Kazi niliyoipanga vizuri nyumbani inavurugika nikiifungua kwa mchapishaji Wandegeya.

Peleka PDF. Mashine ya pale ina toleo jingine la Word na fonti nyingine, na ukurasa mmoja ukisogea jedwali lote linahama. Kwenye Word ni File, Save As, PDF. Kwenye programu yoyote nyingine ni Ctrl+P kisha Microsoft Print to PDF. Kabla ya kutoka nyumbani, ifungue hiyo PDF uhesabu kurasa. Ukipeleka mchoro wa bango au kadi Nasser Road, waulize kwanza wanataka faili la aina gani.

Na kama uliituma kwa kufungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yao, usiondoke bila kutoka. Ukiwa umesahau, chukua simu, fungua Linked devices, gusa kompyuta hiyo, Log out. Njia iliyo salama zaidi ni dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Ukilifunga, linasahau.

Nikiandika Kiswahili kila neno linapigwa mstari mwekundu. Na herufi ŋ ya Luganda naipataje?

Mstari mwekundu ni kwa sababu programu inakagua Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza. Kwenye Word chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiswahili. Kamusi isipokuwepo, Word itajitolea kuipakua. LibreOffice kwa Windows huja na kamusi ya Kiswahili. Ukiinstoli, chagua Custom uhakikishe imetiwa tiki, kisha uchague lugha kupitia Tools, Language. Kamusi hizi hazijui viambishi vyote, kwa hiyo neno refu kama "watakayemtembelea" linaweza kupigwa mstari bila kosa. Neno sahihi liongeze kwa Add to Dictionary.

Word ina tabia ya kuanza na herufi kubwa baada ya "n.k." kwa kuwa inaona nukta. Nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, Exceptions, uandike n.k. humo.

Kwa ŋ, andika 014b kisha ubonyeze Alt+X palepale. Namba inageuka ŋ. Kwa Ŋ kubwa ni 014a. Inafanya kazi kwenye Word na LibreOffice, na inawafaa waandishi wa Acholi vilevile.

Ni njia zipi za kibodi zinazostahili kukaririwa?

Windows+V ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Ukiiwasha mara ya kwanza, kompyuta inakumbuka vitu hadi 25 ulivyonakili, si cha mwisho peke yake, na unaweza kubandika pini kwenye anwani au namba unayoitumia kila siku. Kwenye kompyuta ya wengi bonyeza Clear all kabla ya kuondoka. Windows+Shift+S hukata picha ya sehemu ya skrini, Ctrl+Shift+T hurudisha ukurasa wa kivinjari ulioufunga kwa bahati mbaya, F2 hubadili jina la faili, na Windows+L hufunga skrini unapoinuka.

VLC ina nini cha ziada?

Manukuu yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H mpaka yalingane na sauti. Sauti yenyewe ikiachana na midomo ni J na K. Mabano [ na ] hupunguza na kuongeza kasi, msaada mkubwa kwa anayesikiliza mhadhara na kuandika. Ctrl+R hukuwezesha kutoa sauti tupu kutoka kwenye video iwe MP3.

Filamu ya GB 5 haikubali kuingia kwenye flashi ya GB 32 iliyo tupu.

Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, bofya kulia, Format, chagua exFAT. Ila runinga na redio nyingi za zamani za magari husoma FAT32 tu. Ya muziki wa gari iache kama ilivyo.

Windows 10 imeachwa. Nitupe kompyuta?

Usitupe. Msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha ni ndani ya Settings, Windows Update, na ni bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kusawazisha mipangilio.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kagua hilo kabla ya kulipia mashine ya mitumba, si baada.

Mashine isiyofuzu tunaishauri Linux Mint. Faili lake linakaribia GB 3. Pakua, tumia programu ya Rufus kuliweka kwenye flashi ya GB 8, ambayo itafutwa yote, kisha uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Utaweza kuijaribu bila kugusa diski: kagua Wi-Fi, sauti na printa kwanza. Anayelazimika kutumia Excel yenye makro abaki na Windows.

Kompyuta ni nzito sana. Niongeze RAM?

Kwanza bonyeza Ctrl+Shift+Esc utazame. Kama Disk inakaa asilimia 100 wakati hufanyi kitu, tatizo ni diski ya kuzunguka. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5 yenye GB 256 itabadili mashine kuliko kitu kingine chochote. Kama Memory ndiyo imejaa, basi RAM. Kwenye ukurasa wa Startup zima programu zinazojiwasha zenyewe ambazo huzihitaji.

Fundi ameniwekea "activator" ili Office ifanye kazi bila kulipia leseni. Ni salama?

Si salama. Programu hizo hukuambia uzime Defender kwanza, na ukishaizima umeruhusu chochote kilichomo kuingia na mamlaka kamili, pamoja na kinachoiba nywila za barua pepe. LibreOffice ni bure na halali.

Nihifadhije nakala nisipokuwa na pesa ya mtandao?

Diski ya nje au flashi ya pili inayokaa nyumbani, si kwenye begi la laptopu, kwa sababu begi likiibwa vyote vinaondoka pamoja. Mafaili machache muhimu, kama vyeti na tasnifu, yaweke pia kwenye Google Drive, inayotoa GB 15 bure. Kila mwezi fungua faili moja kutoka kwenye nakala uone kama linafunguka.

Kwenye Windows 11 kagua pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, ufunguo wake wa tarakimu 48 uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, aka.ms/myrecoverykey. Unakili kwenye karatasi leo, kabla fundi hajabadilisha chochote ndani ya mashine.